Mkamwana wa Mgombea

Mama yangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Saa moja kamili asubuhi, ukungu bado umeikalia migomba ya Ikuti, nilifungua mlango wa darasa la nne nikamkuta amesimama mbele ya watu wote, kadi ya mpiga kura mkononi na kitenge kipya kimekunjwa kwapani. Nikafurahi. Nilidhani amewahi ili amwone binti yake Felista na kitambulisho shingoni, msimamizi wa kituo kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge. Kiti kilikuwa wazi tangu mwenye nacho ajiuzulu, na mimi, mwalimu wa hesabu wa shule hiyo hiyo, nilikuwa nimechaguliwa kusimamia watu wapate wa kukikalia.

Sikujua kwamba amekuja kunifunga.

Jenifer, karani wangu, alilitafuta jina lake kwenye daftari akalipata. Mama akasogea mezani kwangu. Nikampa karatasi ya kura, asiipokee. Aliinama mpaka nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye nywele zake.

"Fele, mwanangu. Mzee Ambindwile anapigia kura hapa hapa."

"Najua, Mama. Ni mgombea, na ni mtu wa kijiji hiki. Chukua karatasi."

"Akiingia usimtazame. Jifunike na hiki." Akaweka kitenge juu ya meza, karibu na chupa ya wino.

"Nijifunike kwa nini?"

"Alhamisi ulipokuwa semina Tukuyu watu wake walileta ng'ombe. Baba yako mdogo amempokea." Akakisogeza kitenge kwangu. "Wewe sasa ni mkamwana wao. Utaolewa na mwanawe Jacob."

Nilicheka. Sijui kwa nini, lakini nilicheka.

Huyo Jacob nilimfahamu kwa kumwona tu: kijana mwenye duka la simu Mbeya mjini, anayekuja Krismasi na miwani ya jua mvua inanyesha. Hatujawahi kuongea maneno kumi. Lakini ng'ombe akishapokelewa, kwetu Unyakyusa mambo hayamngojei bwana harusi. Tangu siku hiyo binti hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani anachepuka, na jina lake halitamki mpaka kaburini. Tunaita ukutila. Wasichana wa mjini wanalegeza siku hizi, lakini Ikuti wazee wapo, na macho yao hayajapata mtoto wa jicho.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nilinong'ona.

"Baba yako mdogo alisema nikikupigia utakimbia."

"Na wewe ukakubali?"

"Nikatae, nilale wapi?"

Hapo ndipo kila ugomvi wetu huishia. Nyumba tunayokaa na shamba la chai lililo nyuma yake, babu yangu Nsajigwa alimpa Mama kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Baba alipofariki, mdogo wake Anyelwisye akasema ni mali yake. Wakapelekana baraza la kata. Mwenyekiti akamuuliza Mama swali moja jepesi: "Nani alikupa?" Mama akafungua mdomo, akafunga. Babu alikuwa baba mkwe wake. Hakuwahi kulitamka jina lake akiwa hai, angelitamkaje akiwa marehemu, mbele ya wanaume? Alisema "yule mzee", wakamwambia wazee ni wengi, ataje jina. Akaangalia miguu yake. Katibu akaandika: mlalamikaji hakujibu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitaka kupiga kelele, lakini watoto hawakuruhusiwa kusema. Tangu siku hiyo tunakaa nyumbani kwetu kwa hisani ya Baba mdogo, naye huikumbusha hisani hiyo kila tunapochuma chai.

"Msimamizi!" aliita Yohane, wakala wa Mzee Ambindwile. "Watu wanangoja huko nje, baridi kali."

Mama akapokea karatasi, akaingia kwenye kituturi, akatoka, akachovya kidole. Aliondoka bila kugeuka, akaniachia kitenge mezani.

Ndipo nikathubutu kumtazama Fahadi.

Alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu kwenye benchi la mawakala, na beji ya mgombea wa pili, Mwalimu Alinanuswe, kifuani. Fahadi wa Ibighi, mtoto wa Mzee Bushiri mwenye duka la pembejeo, mnunuzi wa parachichi anayejulikana kila shamba kwa kuwa mizani yake haidanganyi. Miaka miwili nilikuwa nampenda. Mama aliposikia alisema neno moja tu, "Muislamu?", akaendelea kumenya ndizi. Kwao nako hakukuwa rahisi. Lakini usiku uliopita alikuwa ameniandikia: *Baba amekubali. Wiki ijayo tunakuja kwenu na mshenga.* Nilikuwa nimelala na simu kifuani kama mtoto wa sekondari.

Sasa alinikonyeza kidogo, jicho la kushoto, Yohane asione. Hakujua lolote. Roho iliniuma mpaka nikajifanya nasoma orodha ya lakiri za sanduku la kura.

Nifanye nini? Kutoka siwezi, msimamizi akiondoka kituo kinasimama. Simu tulizizima kwa agizo. Wakala haruhusiwi kuongea faragha na msimamizi. Nikawaza niwaarifu wakubwa kwamba nina undugu na mgombea, waniondoe, walete mwingine. Kisha nikaona ubaya wake: nikisema hivyo nimekiri kwa mdomo wangu kuwa mimi ni mkamwana wake. Darasa lile nililofundisha miaka mitatu, lenye jedwali la kuzidisha ukutani, likawa dogo kama stoo ya kuku.

"Msimamizi, umepauka," Fahadi alisema kwa sauti ya kiofisi. "Umepata chai?"

"Nimepata, wakala. Asante."

"Hujapata. Kikombe hicho kimejaa."

"Wakala, angalia foleni."

Saa nne Mzee Ambindwile akaja.

Nilijua kabla sijamwona, kwa sababu foleni ilinyamaza. Nilikuwa nimejiapiza kukaa wima. Mimi ni mwalimu, nina shahada, nimekula kiapo cha serikali. Nilikuwa nimeshika kalamu na kujiambia, Felista, kaa kama jiwe. Kisha nikasikia kikohozi chake mlangoni na kivuli chake kikaangukia sakafu, na mwili wangu, huu huu uliolelewa na Mama yangu, ukateleza chini ya meza wenyewe.

Nikajikuta nimechuchumaa kati ya boksi la fomu na mguu wa kiti, kitenge kichwani. Niliona viatu vyake vyeusi vyenye tope jekundu pembeni. Vilisimama.

"Eeh," Mzee alisema taratibu. "Mtoto amelelewa huyu. Ndaga, asante sana. Jenifer mama, nipe wewe karatasi."

Wanawake kwenye foleni wakaguna kwa furaha. Mmoja alianza kigelegele, askari akamkatiza. Upande wa pili wa meza niliona buti za Fahadi. Zilikuwa zimetulia kabisa, kama zimevuliwa.

Nilipotoka, Mzee ameshaondoka. Fahadi alikuwa ananitazama. Alizaliwa Tukuyu, amekulia na Wanyakyusa, hakuhitaji kufasiriwa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kwa dakika moja. Nilitaka kuvuka zile hatua nne nikamshike mikono, badala yake nikasema, "Anayefuata," na sauti yangu ikatoka ya mtu mwingine.

Mchana mvua ilikatika vipande, ikaja, ikaondoka, ikaja tena. Foleni ikaisha. Yohane akaomba ruhusa ya kwenda msalani. Jenifer, Mungu ambariki, akageuzia kiti chake ukutani akaanza kuhesabu kalamu.

"Ulikipata?" Fahadi aliuliza bila kunitazama.

"Nini?"

"Ulichokuwa unatafuta chini ya meza."

"Fahadi, usifanye hivyo."

"Tangu lini?"

"Alhamisi. Mimi nimejua leo asubuhi, hapa hapa, mbele yako."

"Na ukainama."

"Mwili uliinama wenyewe."

"Mwili!" Alicheka vibaya. "Mimi nimembembeleza baba yangu mwaka mzima, Felista. Mwaka mzima! Nimemwambia binti huyu akishasimama hatikisiki. Leo nimekuona chini ya meza umefunikwa kitenge, unapokea sifa."

"Unadhani nilizipenda?"

"Sijui ulichopenda. Mgombea kahesabu ukoo wenu una kura ngapi, kaleta ng'ombe mmoja. Wewe ndiye risiti."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Machozi yakanitoka nikayafuta na mkono wenye wino.

"Nikikataa, Mama anatupwa nje," nilisema. "Unaijua habari ya ile nyumba."

"Nitamjengea."

"Utamjengea kwa parachichi za msimu gani? Na akijengewa na mkwe Muislamu huko Ibighi, atachuma chai ya nani? Hajalala nje ya ule mji wa babu tangu aolewe. Ameniachia kitenge hiki akaondoka bila kugeuka. Usinifanye nionekane sina moyo."

Akaigeuza beji yake kifuani. Kisha akasema polepole, hasira imempungua, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Saa kumi tunafunga. Utahesabu kura."

"Ndiyo kazi yangu."

"Kila karatasi unainua juu, unasoma jina kwa sauti."

Sikuwa nimewaza hapo. Tangu asubuhi nilikuwa nahangaika na viatu vya Mzee, nikasahau jina lake.

"Jenifer atasoma," nilisema.

"Ukimwachia Jenifer, kijiji kizima kilichosimama dirishani kitajua umekubali. Hutahitaji hata kwenda kanisani."

Yohane akarudi akifunga mkanda. Fahadi akageuza uso kwenye mvua.

Saa kumi nilifunga mlango. Nje walikuwa wamejaa. Madirisha ya darasa la nne hayana vioo, na askari aliwaacha wasimame kandokando ya ukuta wakijikinga chini ya bati. Nilimwona Mama, ameshika mwimo wa dirisha. Kando yake alisimama Baba mdogo Anyelwisye, amevaa koti la mvua juu ya suti, mtu aliyekwisha kuonja sherehe.

Nikaonyesha lakiri kwa mawakala, nikazikata. Tukamimina karatasi mezani.

"Gwe Jenifer," Baba mdogo aliita kutoka dirishani, "soma wewe. Huyo haruhusiwi tena."

"Baba, hapa ni kituoni," Jenifer alijibu. "Anayeamua ni msimamizi."

"Mimi wakala sina pingamizi," Yohane akadakia. "Ni mambo ya mila, tuheshimiane. Jenifer asome, yeye aandike tu."

Wote wakaitikia huko nje, kwa upole kabisa. Hilo ndilo lililonitisha. Hakuna aliyenikaripia. Walikuwa wananifungulia mlango wa chumba na kunionyesha kitanda changu kimetandikwa. Ningekaa kimya tu, basi. Sikuhitaji kusema ndiyo kwa mtu yeyote. Kunyamaza kungesema yote.

Jenifer akanyoosha mkono kuchukua karatasi ya kwanza.

"Mimi nina pingamizi," Fahadi alisema.

Alikuwa amesimama. Midomo ilikuwa imemkauka. "Kitabu cha maelekezo kinasema anayesoma ni msimamizi. Kama hawezi, aandike kwenye fomu sababu ya kutoweza, na asaini. Mimi wakala nataka nijue sababu."

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa muda huo nilimchukia kuliko Baba mdogo. Mtu ninayempenda alikuwa ameniziba mlango wa mwisho wa kujificha, mbele ya mama yangu. Nilimtazama na macho yake hayakuwa na ukali wowote. Alikuwa anaogopa sana.

Nikaichukua karatasi mkononi mwa Jenifer. Nikaifunua.

"Alinanuswe," nilisoma. Nikainua juu, nikaweka kushoto.

Ya pili. "Alinanuswe."

Ya tatu nilipoifunua, alama ilikuwa juu, kwenye jina la Mzee. Nikaiinua watu waione. Waliiona. Nikasikia maji yakidondoka kwenye ndoo ya darasa. Mama alikuwa ananitazama, vidole vimekaza kwenye mwimo mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikafungua mdomo, na koo langu likafunga kama lake lilivyofunga barazani, na ghafla nikawa na miaka kumi na miwili, nimekaa nyuma ya chumba kile, naruhusiwa kila kitu isipokuwa kusema.

"Ambindwile," nilisema.

Lilitoka dogo. Mtu mmoja nje akasema "Yesu wangu." Baba mdogo akapiga ukuta kwa kiganja.

"Felista! Unajua unachofanya?"

"Nahesabu kura, Baba mdogo." Nikachukua nyingine. "Ambindwile."

Safari hii ilisikika mpaka barabarani. Nikachukua nyingine, na nyingine. Mzee alikuwa anapendwa na kijiji chake, kura zake zilikuwa nyingi, na kila kura aliyopata ilinitoa mikononi mwake kidogo. Ambindwile. Ambindwile. Kufika ya ishirini sauti ilikuwa imetulia. Kufika ya hamsini nilikuwa nalia na kusoma. Jenifer aliandika vijiti vyake bila kuinua kichwa. Yohane alikuwa ameshika paji la uso. Mtu wake anashinda na hana pa kuiweka furaha.

Mia moja thelathini na moja kwa Mzee. Tisini na nne kwa Mwalimu Alinanuswe. Tatu ziliharibika. Nikajaza fomu, mawakala wakasaini. Fahadi aliponirudishia kalamu vidole vyetu vikagusana, akaniambia kwa chini, "Nisamehe." Nilikuwa nawaza Mama atalala wapi.

Nilipobandika matokeo mlangoni, mwanga wa jioni bado ulikuwepo, wa kijivu, mvua imebaki manyunyu. Baba mdogo alikuwa ananingoja.

"Ng'ombe anarudi leo," alisema. "Umeniaibisha mbele ya mtu aliyeshinda. Vizuri. Lakini kwenye mji wangu hulali. Wewe na mama yako fungasheni. Kesho asubuhi nisiwakute."

"Mama hajakosa," nilisema. "Nifukuze mimi."

"Wote! Nani aliwapa ile nyumba? Mimi! Kwa huruma yangu!"

Nilimshika Mama mkono. Ulikuwa wa moto. Nilitegemea ataangalia miguu yake kama siku zote, na nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimwombee.

"Nsajigwa," Mama alisema.

Baba mdogo akageuka kama ameitwa na marehemu.

"Umesemaje?"

"Nsajigwa ndiye aliyenipa." Sauti yake ilikwaruza, kama mlango wa stoo usiofunguliwa miaka mingi. "Baba yako. Nsajigwa. Alinipa nyumba na chai mpaka mtoni, siku ya Pasaka, na mzee Ackson alikuwepo, na mchungaji alikuwepo. Waliniuliza barazani nikashindwa kumtaja. Leo wakiniuliza nitamtaja."

Vikongwe waliosimama chini ya bati walifunika midomo. Mmoja wao, aliyeanza kigelegele asubuhi, akasema polepole, "Ni kweli, gwe Anyelwisye. Na mimi nilikuwepo siku hiyo."

"Tutaonana barazani," Baba mdogo alisema, lakini alisema akiwa ameshaanza kuondoka.

"Twende hata kesho," Mama alimjibu.

Kisha akakaa kwenye ngazi ya darasa. Nikakaa naye. Alinipokonya kile kitenge, akajifunika nacho mabega, manyunyu yanapiga.

"Jina lenyewe fupi tu," alisema, akijishangaa. "Miaka yote hii."

Fahadi alikuwa amesimama kwenye mlingoti wa bendera, nakala ya fomu mkononi inalowa. Hakusogea mpaka nilipomtazama. Ndipo akaja, akasimama mbali kidogo kama mtu anayesubiri foleni yake.

"Felista," alisema. "Ile ya wiki ijayo. Baba aje au asije?"

Nilikuwa bado na hasira naye, na nilimpenda mpaka kifua kinauma. Nikanyanyua kidevu kumwelekeza pembeni yangu.

"Usiniulize mimi. Muulize mwenye nyumba."

Mama alimtazama kijana huyo kuanzia buti mpaka kofia, bila haraka yoyote.

"Shikamoo, Mama," Fahadi alisema.

Akamwacha asubiri. Alivuta kitenge, akafuta mvua usoni.

"Marahaba," alisema mwisho. "Baba yako anaitwa nani?"

"Bushiri, Mama."

"Bushiri." Alilitamka taratibu, kama anayeonja chumvi. "Mwambie Bushiri aje Jumapili, tukishatoka ibadani. Ng'ombe asilete. Aje kwanza amuulize huyu mtoto, na mtoto ajibu mwenyewe."